Jumamosi Usije Kazini

Kazi ya Mama Vibao ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuifanya. Alikaa kwenye kaunta mlangoni mwa jengo la maduka, akipokea mabegi ya wateja, akiyapanga kwenye rafu nyuma yake na kumpa kila mtu kibao chenye namba. Ukitoka unarudisha kibao, unapewa begi lako, mnaagana. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mumewe alimwita Mama Vibao, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea.

Wenye kaunta wa jengo lile walijivunia jambo moja: begi la mteja halifunguliwi. Kumfungulia mtu begi mbele ya macho yake kulikuwa sawa na kumwita mwizi. Na nchi nzima ilikuwa hivyo hivyo, ukitaka ukweli. Wageni walikuja kutoka kila pembe ya dunia, wakasifu tabasamu za watu, wakarudi kwao kuhadithia. Nchi jirani zikiwaka moto, watu walikimbilia huku. Wenyeji walijua wanapendwa, na walikuwa wameizoea sifa hiyo mpaka wakadhani ni ukuta wa kuwakinga.

Kwa hiyo bomu lilipolipuka kwenye kituo cha mabasi cha mji mwingine, watu walishangaa kwanza, kulia kukaja baadaye.

"Sisi tumemkosea nani?" mumewe, dereva mstaafu wa malori, aliiuliza redio kana kwamba ingemjibu. "Mipaka yote niliyovuka nilikaribishwa chai. Ukisema unatoka huku, hata askari anacheka. Nani wa kutuchukia sisi?"

Binti yao alikuwa fundi cherehani, ghorofa ya pili ya jengo lile lile alikofanya kazi mama yake. Akasema, "Labda hukunywa chai na wote, baba."

"Wewe shona," baba akamjibu.

Amri ikatoka: kila begi lifunguliwe. Mama Vibao alitii kwa aibu. Alivuta zipu nusu, macho darini, huku akisema, "Samahani mwanangu, ni amri tu, si mimi." Wateja wa siku zote hakuwagusa kabisa. Wenzake nao walifanya vivyo hivyo. Ungemfunguliaje begi mtu uliyemjulia hali jana na juzi? Walimpekua wasiyemjua, wakampisha wanayemjua, na wote waliona hiyo ndiyo akili.

Miongoni mwa waliopishwa alikuwamo kijana mmoja fundi simu, ambaye kwa upole wake walimwita Mpole. Hakupita bila shikamoo. Alimuuliza Mama Vibao hali ya magoti yake, na siku moja alimbebea kapu mpaka kwenye geti la nyumba yake. Alikuwa ameingia nchini akiwa mtoto, kwa miguu, pamoja na wakimbizi wengine, akapewa blanketi na dawati la shule.

Siku moja ya mvua, wateja wakiwa haba, aliegemea kaunta na kumweleza jambo. Mama yake na kaka yake walibaki ng'ambo ya mpaka. Miaka ikapita, nchi hii iliyomlea ikapeleka majeshi kule kuwafukuza waasi. Kombora likaangukia nyumba ya mama yake.

"Lilikuwa lenu, mama," alisema taratibu. "Na walioniosha vumbi usoni nilipofika, nao ni watu wenu. Sijui niwaweke wapi."

"Pole sana mwanangu," alisema Mama Vibao, akampa kibao chake. Angesema nini zaidi? Yeye alidhani wanajeshi wetu walikwenda kule kujenga madaraja.

Jumatano moja Mpole alichukua begi lake, akatoka, halafu akarudi. Akainama juu ya kaunta.

"Mama, Jumamosi usije kazini."

"Jumamosi kuna nini?"

"Pumzisha magoti tu." Alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Tafadhali, mama."

Alipoondoka, Mama Vibao alibaki amekaa, mikono mapajani. Mwanzo alijicheka. Kisha akageuka kutazama rafu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile aliyaogopa mabegi. Yalikuwa yamekaa kimya, yamefungwa, na hakujua hata moja lina nini. Mteja akadai begi lake mara tatu ndipo akasikia.

Nyumbani hakugusa chakula. Binti yake alikuwa mezani akilalamikia sindano zilizomvunjikia kutwa, na mama alimtazama shingo, masikio, vidole, kama mtu anayesafiri asijue atarudi lini. Ingekuwa rahisi sana. Jumamosi angesema anaumwa, binti abaki kumuuguza, wangepona wote wawili na hakuna ambaye angewauliza kitu. Wazo hilo lilimjia, likakaa, na hakulifukuza upesi. Aibu ya hilo hajaimaliza mpaka leo.

Kisha akamkumbuka mzee anayepiga deki ngazini, na mama wa duka la sabuni anayekuja na pacha wake. Hapo hapo akajipinga: je, kama kijana alimhurumia magoti tu? Amtie mikononi mwa polisi yatima wa watu kwa sababu ya neno moja? Na kama si hivyo, basi mtu huyo anaijua nyumba. Analijua geti, anajua baba huenda matembezini saa ngapi. Nani alimwambia? Mdomo wake mwenyewe. Usiku ule kila mlio wa geti ulimtoa jasho.

Asubuhi alikwenda kwa mkuu wa ulinzi wa jengo, mtu wa kucheka na kila kitu. Safari hii hakucheka. Alifunga mlango, akamwomba arudie, halafu akapiga simu. Wakaja polisi wawili wenye nguo za kiraia.

"Fungeni jengo," Mama Vibao aliwasihi.

"Tukifunga ataenda kwingine, ambako hakuna anayeijua sura yake," alisema mmoja wao. "Ghorofani tutawatoa watu kwa ngazi za nyuma, tuseme umeme una hitilafu. Wewe kaa kwenye kaunta. Ukimwona, vua miwani."

"Na akiniona mimi?"



Jumamosi alimtuma binti yake kwa shangazi, kwa uongo kwamba shangazi anaumwa. Binti alinung'unika kwamba ana gauni la mteja, akaondoka. Mumewe alibaki anaamini ni siku ya kawaida. Mama Vibao alikwenda kazini. Aliogopa. Aliogopa mpaka vibao vikawa vinamponyoka na kugongana mezani. Wanunuzi waliozunguka mbele yake siku ile walikuwa polisi, wakitazama bei za vitu wasivyovitaka.

Mpole aliingia katikati ya asubuhi. Begi lilikuwa kubwa kuliko la siku zote, na alilibeba kwa mikono miwili. Alikuwa anaelekea moja kwa moja ngazini. Ndipo akageuza uso, akamwona.

Akasimama.

"Mama," alisema. "Nilikuambia usije."

Hakusema kwa kutisha. Alilalamika, kama mtoto aliyevunjiwa ahadi. Mkono wa Mama Vibao ulitakiwa kwenda kwenye miwani, ukakataa. Ukaenda mbele.

"Nimekuja, mwanangu. Nipe begi."

"Toka mama. Toka sasa hivi, nakuomba."

"Sitoki."

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Na wewe kwa nini?"

Kijana alitazama ngazi, akamtazama yeye, akatazama tena ngazi. Mama Vibao alisubiri kufa. Kisha kijana alilishusha begi juu ya kaunta, polepole, kama anayelaza mtoto aliyesinzia. Mama Vibao akavua miwani. Kama ilikuwa ishara au alitaka kufuta machozi, yeye mwenyewe hajui.

Polisi wakamwangusha kijana chini. Hakupigana. Alipaza sauti mara moja tu: "Msimguse mama! Yeye hana kosa!"

Wataalamu wa mabomu walilishughulikia lile begi kwa saa nyingi. Baadaye ilisemwa lingetosha kuziporomosha ngazi na ghorofa ya pili nzima.

Jioni mumewe, akiwa na habari aliyoipata nusu nusu, alizunguka sebuleni. "Amekula kwetu, amesoma kwetu, akatuchukia! Sasa huyo tulimkosea nini?"

"Mimi hakunichukia," alisema Mama Vibao. "Alinipenda. Ndiyo maana alinionya."

"Basi tushukuru kwa hilo."

Alitazama mlango wa chumba. Binti yake alikuwa ndani akipanga vitambaa, akijiimbia.

"Nilimweleza magoti yangu," alisema. "Nilimweleza paa linalovuja, hata unavyokoroma. Binti yetu, huko ghorofa ya pili, sikuwahi kumtaja."

Mumewe akaacha kuzunguka.

"Angemuua mwanangu," alisema Mama Vibao, "na Jumapili angekuja kunipa pole. Kama mimi nilivyompa pole ya mama yake."

Baba alikaa. Hakuuliza tena siku hiyo nani wa kutuchukia sisi.