Mgema Aliyechoka Kutibiwa Peke Yake

Saa kumi na mbili asubuhi, Randu Kombe yuko juu ya mnazi, mapaja yameshika shina, kotama, kisu chake cha kugemea, mkononi. Anakata ncha ya karara la maua, anamimina tembo, pombe ya mnazi, kibuyuni, anashuka. Hasalimu mtu. Mwaka huu wa 1987, hapa Kaloleni, Randu ana hasira na karibu kila mtu, na mwandishi huyu hamlaumu.

Chanzo ni chunjua. Si za mikononi. Zilimwota sehemu za siri, akazificha mpaka zikaanza kutoa damu kila akipanda.

"Mnazi hauna huruma," asema. "Ukiukumbatia nawe una kidonda, unakukwangua."

Habari zilipofika mangweni, kwenye kilabu cha tembo, Phineas, fundi wa baiskeli, alimwaga tembo la Randu chini mbele ya watu. Alisema mwenye ugonjwa wa aibu hawezi kukumbatia mti ambao watu wanakunywa tembo lake. Wengine wakamfuata. Siku njema Randu alikuwa akipata shilingi arobaini. Wiki ile hakuona hata kumi kwa siku. Upuuzi mtupu. Chunjua hizi huambukizwa kwa ngozi kugusana na ngozi, hasa katika kujamiiana, wala hazijapata kuteremka kibuyuni. Lakini nani wa kuwaambia walevi?

Zahanati aliyokwenda ilimpaka dawa ya kahawia, zikakauka, akaambiwa amepona aende zake. Basi. Hakuulizwa kama ana mke. Hakuambiwa zinaweza kurudi. Zikarudi. Akapakwa tena, zikarudi tena, na safari ya tatu mhudumu aliyekuwa akimpaka dawa akamwuliza mbele ya foleni ni malaya gani huyo asiyeweza kumwacha. Foleni ikacheka.

"Tangu nioe sijatoka nje," Randu asema. "Niliyoyafanya ni ya ujana. Yule aliniona mwongo, na mimi nikaenda nyumbani nikamwona mke wangu mwongo."

Neno moja la kijinga nusura livunje nyumba ya watu. Randu alimtuhumu mkewe, Jedida, na Jedida akafunga mizigo arudi kwao. Aliyewaokoa ni tabibu Ochola, mgeni aliyehamishiwa zahanati ile kutoka bara. Huyo ndiye wa kwanza kumweleza Randu kwamba dawa huondoa chunjua, haiondoi virusi. Virusi hujificha ndani ya ngozi miezi, hata miaka, kwa hiyo kurudi kwa chunjua si ushahidi wa uzinzi. Hurudi zaidi katika miezi ya kwanza, kisha mwili wa wengi huvishinda polepole.

Alimtaka aache sigara, maana hudhoofisha kinga ya mwili, asizikwangue wala kuzikata kwa wembe, atumie mipira ya kondomu ingawa haikingi kila mahali, na arudi kukaguliwa hata asipoona kitu. Na amlete mkewe, maana wataalamu wanazidi kushuku kwamba virusi vya jamii hii vina mkono katika saratani ya mlango wa kizazi.

Jedida alikuja. Naye alikuwa na chunjua hizo mwaka mzima, akijitibu kwa majani, kimya, akiogopa kufukuzwa. Hasira zote alizozimeza zikamwangukia Ochola.

"Daktari, sisi tunalala kitanda kimoja," alimwambia. "Shuka ina chawa, mnafua upande mmoja, halafu mnashangaa tunajikuna?"

Ochola aliomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake.

Sasa wanatibiwa wote wawili. Randu ameacha sigara, jambo ambalo, Jedida asema, limemzidishia ukali. Chunjua zimemrudia mara moja tangu hapo, mbili ndogo, na hakuna aliyefunga mizigo. Mwezi ujao atampeleka Jedida Mombasa akapimwe mlango wa kizazi. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi, si wateja.

"Akiambiwa yu mzima," asema, "wasionunua kwangu na wasinunue."

Wiki iliyopita Phineas alimfuata hadi chini ya mnazi. Alijikohoza, akamwita mwenzangu, akazunguka sana kabla ya kuuliza huyo tabibu hupatikana siku gani. Randu hakumcheka. Alishuka taratibu, akaifuta kotama yake.

"Alhamisi," alimjibu. "Nenda na mkeo. Nikisikia umekwenda peke yako, nitakutangaza mangweni."