Uzi wa Mguu wa Muna

Basi letu lilipasua tairi pale Mikumi, na wakati utingo akihangaika na jeki mimi nikajisogeza kwenye baraza la duka moja kutafuta kivuli. Kulikuwa na fundi anashona sare za shule. Nilimsikia kabla sijamwona: ule mlio wa cherehani ya miguu, unaoanza polepole, ukashika kasi, kisha ukakatika ghafla fundi anapogeuza kitambaa. Halafu ikanifikia harufu ya mafuta ya mashine na pamba mpya. Nikajikuta nimekaa kwenye benchi lake bila kukaribishwa, mwanamke mzima mwenye wajukuu, machozi yananilenga. Fundi akaniuliza, "Vipi bibi, umeumia?" Nikamwambia ni vumbi tu. Nilimdanganya, na haikuwa mara yangu ya kwanza kudanganya mbele ya cherehani.

Nilizaliwa Kilosa, mtaa wa Magomeni, miaka michache kabla ya Uhuru. Baba yangu alikuwa Mshihiri. Alikuja kwa meli akiwa kijana kutoka kwao Shihiri, pwani ya Arabuni, akapanda treni, na akashuka Kilosa kwa sababu nauli yake iliishia hapo. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema. Alikuwa na hoteli ndogo karibu na stesheni: meza tatu, birika la kahawa lililokuwa jeusi kuliko kahawa yenyewe, na sinia la kashata. Mama alikuwa Msagara wa hapo hapo. Barazani mwa hoteli ndipo ilipokaa cherehani yake, aliyoinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa, na alishona magauni ya watoto, kanzu za Idd na mashati ya wafanyakazi wa reli. Mkasi wake ulining'inia kwenye msumari upande wa kulia wa mashine. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mama aliweza kutusamehe kuvunja sahani, lakini siyo kukatia karatasi kwa mkasi ule.

Ng'ambo huko Baba alikuwa na mke wa kwanza na mtoto. Alirudi kwao mara moja tu, akakaa miezi kadhaa, akaondoka mkewe akiwa mjamzito. Mtoto huyo ndiye Muna. Alinizidi kama mwaka mmoja na nusu, na Baba hakuwahi kumtia machoni.

Kila mwisho wa mwezi alipita Ami Saleh, mtu wa kwao Baba aliyekuwa na duka Dar es Salaam, akija kwa treni kununua ngozi na asali. Baba alimkabidhi bahasha ya pesa, naye aliwapa watu wa meli waliokuwa wakienda kwao. Hakuna mwezi uliorukwa. Mwaka ule Mto Mkondoa ulipofurika na maji yakaingia mpaka uvunguni mwa vitanda, Baba aliokoa kwanza bahasha, kisha birika, kisha sisi. Mama ndiye aliyesimulia hivyo, na Baba alikana huo mpangilio mpaka anaingia kaburini.

Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwetu haikuwa hivyo. Asiyekuwepo ndiye aliyepakuliwa kwanza. Tukila mchicha bila nyama, ni kwa sababu ya Muna. Nikienda shule peku, ni kwa sababu ya Muna. Wenzangu waliniimbia njiani kwamba baba yangu anafuga Waarabu ng'ambo, nami niliwarushia mawe, lakini moyoni nilikubaliana nao.

Mara moja kwa mwaka, miezi kadhaa kabla ya Idd, kutoka ng'ambo kilirudi kitu kimoja: barua, na ndani yake uzi. Mama yake Muna alimsimamisha mtoto chini, akaweka fundo la uzi kisiginoni, akauvuta mpaka ncha ya kidole gumba, akaukata hapo kwa meno. Kwa uzi huo Baba alimpelekea fundi wa viatu kipimo, akashonewa Muna viatu vya ngozi, vyeusi, vya kufunika vidole, vyenye kishikizo pembeni. Mimi Idd nilipata malapa. Baba alizihifadhi nyuzi zote kwenye mkebe wa biskuti. Siku nyingine wateja wakipungua, alizilaza mezani moja baada ya nyingine, ya mwaka juzi, ya mwaka jana, akizitazama kama wengine wanavyotazama picha za watoto wao. Picha hakuwa nayo. "Pesa naipeleka," alimwambia Mama siku moja, "lakini pesa haikuambii mtoto yukoje. Uzi ndio unaniambia."

Nilikuwa na miaka kama tisa uzi wa mwaka ule ulipofika. Ilikuwa saa ya treni, hoteli imejaa abiria wanaogombania kahawa, na Baba aliuweka chini ya sinia la kashata ili ausome vizuri baadaye. Mama alikuwa kisimani. Niliuchomoa, nikakaa nyuma ya magunia ya mkaa, nikaweka fundo kwenye kisigino changu. Uzi ukanipita vidole viwili.

Sijui niseme nini kuhusu vidole vile viwili. Nilikuwa nimezoea kwamba Muna ana viatu, ana bahasha, ana baba anayemwaza mchana kutwa. Sasa na mguu pia mkubwa kuliko wangu? Nikaona ni haki tulingane walau mguu. Tena, nitasema yote maana nimekwisha kuanza: nilifikiri viatu vikiwa saizi yangu, huenda meli ikakosekana mwaka huo, vikabaki. Nikaenda kwenye msumari, nikachukua mkasi wa Mama, nikakata. Kipande kile nikakitupa kwenye jiko la mkaa. Mkasi nikaurudisha, na kwa haraka yangu nikauweka juu ya meza ya mashine badala ya kuutundika.

Alasiri, treni ilipokwisha kuondoka, Baba alifungua mkebe. Akalaza uzi mpya, akalaza wa mwaka jana pembeni yake. Zikalingana. Akavuta zote mbili zinyooke, akapima tena, kisha akamwita Mama.

"Mama Zuhura, hebu njoo uone. Mtoto hakui."

Zuhura ndiye mimi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nafuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Mama alifuta mikono, akachukua uzi. Aliutazama, akapitisha kidole gumba kwenye ncha yake, taratibu, kama anavyofanya anapotafuta mwanzo wa mshono. Kisha akasema, "Labda wamepima vibaya."

"Miaka yote wapime vizuri, leo wapime vibaya? Uzi hausemi uongo. Mwaka mzima mtoto hajaongeza hata ukucha. Hali, huyo. Pesa ninayopeleka haitoshi, na wanaona haya kuniambia."

Mama alinitazama mimi, si kwa ukali, akakaa ananitazama hivyo mpaka nikaona ni muda mrefu. Mimi nilitazama chini. Pale sakafuni palikuwa na punje ya kahawa, nami niliikazia macho kama vile nilitumwa kuilinda.

"Basi," Mama akasema, "cherehani ipo."

Baba alikataa. Alikataa siku ile na siku ya pili yake, na ya tatu alinyamaza. Wiki haikuisha akaja fundi mmoja kutoka Kidodi, ambako watu wa miwa walikuwa wanapokea mishahara na kila mtu anataka suruali, akaijaribu mashine kwa kitambaa cha Mama mwenyewe, akaisifu, akainunua. Wakaifunga kwa kamba nyuma ya lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua miwa. Lori lilipoondoka kile kibao cha kukanyagia kilikuwa kinacheza chenyewe, juu chini, juu chini, kama kuna mtu anashona. Mama alisimama mpaka lori likakata kona ya soko. Halafu akaingia ndani kuchambua mchele.

Niliapa kwamba nitasema usiku ule. Niliapa tena kesho yake. Nilijiambia nitasema nikipata pesa ya kuirudisha mashine, kana kwamba nilikuwa na pa kuipata. Ukweli ni kwamba niliogopa fimbo kwanza, na fimbo ilipoacha kunitisha nikaanza kuogopa uso wa Mama.

Bahasha ya mwezi ule ilikuwa nene, na zilizofuata pia. Viatu navyo vikashonwa. Kabla Ami Saleh hajavichukua nilivivaa nyuma ya magunia ya mkaa, nikafunga kishikizo. Vilinikaa barabara. Nilipiga hatua tatu, harufu ya ngozi mpya ikinipanda puani, nikavivua, nikavirudisha nilipovikuta.

Tumaini langu lilikuwa jibu kutoka ng'ambo. Viatu vikiwabana wataandika, nilijiambia, Baba atajua uzi ulikosewa, na mambo yatajirekebisha bila mdomo wangu. Jibu likaja. Baba alilisoma kwa Kiarabu kimoyomoyo, kisha akatutafsiria. Muna anasalimu. Muna anashukuru kwa pesa. Muna anasema viatu vimemkaa sawasawa.

Baba alikunja barua. "Basi ni kweli," alisema. "Mguu wake ndio huo."

Mwaka uliofuata uzi ulifika, safari hii mikononi mwa Baba mwenyewe. Alipoulaza karibu na ule wa mwaka wa nyuma, mpya ulipita kwa vidole karibu vinne. Sijawahi kumwona mtu akifurahi vile. Aliita abiria waje waone, aligawa kahawa bure mpaka birika likakauka, na kwa kila mmoja alirudia, "Pesa imeingia mwilini! Tazameni, imeingia mwilini!" Hakupunguza tena ile bahasha. Aliendelea nayo nene vile vile mpaka nchi ilipobadilika na kupeleka pesa nje kukawa kazi ngumu, na hata hapo alipeleka kidogo alichoweza kupitia kila msafiri aliyemwamini. Alikufa akijua kwamba aliwahi kumwokoa mwanawe na njaa. Ningemwambiaje?

Na Mama hakupata cherehani nyingine. Alishona kwa mkono, vifungo na pindo, kazi za watu wasio na haraka. Jioni akikaa kwenye benchi kumenya maharage, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga chini, kisigino, kidole, kisigino, kidole, bila yeye kujua. Baba alimtania kwamba anasafiri. Mimi niliondoka pale kila ulipoanza.

Muna nilimwona tukiwa watu wazima, wote wawili wazee wetu wa huku wameshafariki. Mumewe alikulia Unguja, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, chenye lafudhi tamu. Alikuja Kilosa kuzuru kaburi la Baba. Mlangoni kwangu alivua ndala kama ilivyo ada, na kabla sijamaliza kusema karibu niliona mguu wake: kidole cha pili kimepanda juu ya gumba, kimelala hapo moja kwa moja.

"Hiki ni cha Baba," aliniambia alipoona ninakitazama, akacheka. "Kuna mwaka alileta viatu vidogo. Mama akasema tusimtie simanzi, yuko mbali, mwandikieni vimekaa. Nikavivaa mwaka mzima. Nilifikiri kwake mimi bado ni mdogo, nikaona vibaya kumwambia nimekua."

Nilimweleza yote pale pale, tumesimama, mkoba wake ungali mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia mwaka ule mama yake alinunua mbuzi wawili wa maziwa kwa ile pesa iliyozidi. Aliniambia, "Ulikuwa unataka viatu, dada yangu. Mtoto akitaka viatu ni kosa?" Akanikumbatia, na yeye ndiye aliyelia.

Ningependa kuishia hapo. Lakini jioni aliomba aone mkebe wa biskuti, tukalaza nyuzi zile kitandani, miaka yake yote ya utoto. Muna alikuwa anazigusa ncha, anamkumbuka mama yake akikata kwa meno, na ni kweli, kila ncha ilikuwa imechanika na kufumuka nyuzinyuzi. Isipokuwa mmoja. Ule mmoja uliishia sawasawa, safi, kama ukingo wa kisu. Mtu yeyote asingeona tofauti. Ila fundi wa nguo, aliyekata nyuzi tangu usichana wake, aliyerudi kutoka kisimani akakuta mkasi wake haupo msumarini, akapewa uzi ule na kupitisha kidole gumba kwenye ncha.

Muna alinisamehe, na namshukuru, lakini haikuwa cherehani yake. Mama alisema labda wamepima vibaya, akanitazama, akaningoja. Mimi nilikuwa naangalia punje ya kahawa.