Kilima cha Mwisho cha Gervas

Walikibomoa kilima cha mwisho, hawakumwambia, naye akafa. Kisha wakasema ameuawa na kazi ya mikono yake mwenyewe. Hilo ndilo baya nililotendewa, na ninaanza nalo ili mtu asifike katikati ndipo aulize huyu mama analalamikia nini.

Mume wangu aliitwa Gervas. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na kwa miaka mingi banda lake lilikuwa Msamvu, karibu na stendi, ambako alitengeneza keria za mabasi, mageti na madirisha. Waliomjua watakuambia alikuwa mpole na mbishi kwa wakati mmoja. Mteja akimtaka apunguze chuma kwenye geti ili lisimgharimu sana, Gervas alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwelekeza kwa fundi mwingine. Tuliishi juu ya mji, mlimani, kwenye shamba la ukoo wa mama yangu, maana kwetu Waluguru ardhi hufuata wanawake. Ndugu zake walimcheka kwamba ameolewa. Aliwajibu kwamba ni kweli ameolewa, tena bila mahari, na chakula ni kizuri.

Chini ya shamba letu, Oscar, mfanyabiashara wa mjini, alinunua eneo akajenga bustani ya kupumzikia. Kulikuwa na mabembea, bwawa la watoto, nyama choma, na muziki kila Jumapili. Lakini alitaka kitu ambacho mji mzima wa Morogoro hauna. Alimwita Gervas, akamwonyesha kwenye simu vigari vinavyokimbia juu ya reli, vikipanda na kushuka, watu wamekamata vyuma wanapiga kelele za furaha. Akamuuliza kama anaweza. Gervas alirudi nyumbani, akachukua panga, akaenda kukata mgomba.

Nilimkuta uani amebandua magome ya mgomba ule na kuyaunganisha yakawa kama mfereji mrefu. Aliuegemeza juu ya kinu, akaushusha hadi chini, akaupandisha juu ya ndoo, akaushusha tena. Nilikuwa na kikapu cha machungwa kutoka kwa mjomba wangu, Kinole, ya kupeleka sokoni. Akachukua moja.

"Mama Upendo, njoo uone."

"Hilo nauza."

"Utaliuza likishatoka safarini."

Chungwa liliteremka kutoka kwenye kinu, likapanda juu ya ndoo, likapita. Kisha akainua ile ndoo kwa mawe mpaka ikalingana na kinu, akaliachia tena. Likapanda, likachoka, likarudi nyuma kabla ya kufika juu. Alinieleza kwamba chungwa haliwezi kurudi kwenye kimo lilichoanzia, kwa sababu njiani linasuguana na gome na kupoteza nguvu kidogo kidogo. Kwa hiyo kila kilima lazima kiwe kifupi kuliko kilichotangulia, na ukijua hilo huhitaji injini. Mlima wenyewe unakupa nguvu pale mwanzo, kazi yako ni kuitumia isiishe kabla ya mwisho wala isibaki ukiwa umefika.

Hicho cha kubaki ndicho kilichomsumbua. Kigari kikifika mwisho na mbio, kitasimamishwa na nini? Mimi nilisema breki. Akatikisa kichwa. Breki inamtaka mtu, na mtu anaweza kuwa anaongea na simu. Breki ni mpira, na mpira unalika, na mvua ikinyesha unateleza. Akauinua mwisho wa ule mfereji wa magome mpaka kwenye goti lake. Chungwa likapanda, likachoka, likarudi bondeni, likayumba huku na huku, likatulia.

"Hapo ndipo watu watashukia," akasema. "Kilima hakiendi likizo."

Nilicheka sana. Sasa ninayakumbuka maneno yale nikiwa napepeta mchele, nasimama na ungo mkononi.

Kazi ilichukua kiangazi kizima. Reli zilikuwa mabomba, na kigari kilikuwa na magurudumu ya juu ya kukibeba, ya ubavuni ya kukizuia kisiyumbe, na ya chini ya kukishika kisiruke. Kwenye kona aliilaza reli upande mmoja. Nilimwambia hilo nalijua bila kufundishwa, maana ukiteremka mbio na mkungu wa ndizi kichwani, kwenye kona unaegemea kuelekea mlimani usije ukatupwa. Akaniita fundi mwenzake, na kuanzia siku ile alinisalimia hivyo akirudi jioni.

Mimi nilishona magunia. Aliyajaza mchanga wa mto, akayafunga kwenye viti badala ya watu, akakiachia kigari. Kule mwisho, reli ilipanda juu ya kilima cha udongo na mawe alichokijenga mwenyewe, naye alipaka rangi nyeupe mahali kigari kilipofika kikiwa kitupu, kikiwa kimejaa, na kikiwa kimejaa baada ya mvua. Alama ya juu kabisa ilipojulikana, bado aliongeza kilima juu yake. Oscar alisema udongo huo ni wa kupoteza. Gervas alisema huo ndio udongo wa watoto wa watu.

Bustani ilifunguliwa, watu wakaja mpaka wa Dodoma. Na Gervas akawa na mazoea yake. Kila asubuhi, kabla mtu hajapanda, alipanda peke yake. Alisema nati iliyolegea husikika kabla haijaonekana. Njia yetu ya mlimani inateremka moja kwa moja hadi jukwaa la juu, pale kigari kinapoanzia, kwa hiyo hakuwa na haja ya kupita getini chini. Na ukiwa pale juu huoni mwisho, kwa sababu reli inazunguka nyuma ya migomba. Mimi nilikuwa nasikia kutoka uani. Sauti ya magurudumu ilikuwa kubwa kwenye mteremko, ikalia kwenye kona, kisha ikapungua, ikapungua, kimya kidogo, halafu ikarudi taratibu. Nikisikia ile kurudi, nilikuwa nachota chai yangu.

Kisha mjomba wangu alifariki Kinole. Kwa ukoo wetu mjomba ndiye baba wa nyumba, huwezi kumzika na kuondoka. Tulikaa mpaka matanga yakaisha. Kabla ya kwenda, Gervas alimwagiza Thobias, msaidizi wake, asimruhusu mtu apande mpaka yeye arudi. Thobias alilitii hilo. Lakini Oscar alikuwa amepata sherehe kubwa ya harusi na alitaka uwanja wa turubai. Akaleta katapila. Wakakata reli ya mwisho, wakakisawazisha kilima, wakapanga matairi mbele ya ukuta wa mawe, na chini ya reli wakafunga ubao wenye mpira wa kukisugua kigari, ambao mtu alitakiwa auvute kwa mkono.

Tulirudi jioni, mvua inanyesha. Simu ya Gervas ilikuwa imechajiwa na mtandao ulikuwepo. Hakuna aliyepiga.

Asubuhi aliteremka akiwa bado anatafuna kiporo cha muhogo. Nilikuwa uani nafunga mafungu ya mboga. Nikasikia mteremko, nikasikia kona. Nikangoja ipungue. Haikupungua.

Tulimzika kwenye shamba la ukoo wangu, kwa sababu ndugu zake walisema alishakuwa mtu wa mlimani. Oscar alikuja na magunia ya mchele wa Dakawa, akakaa na wanaume, akasema kwa huzuni kwamba fundi alikuwa mtu mwema ila alikosea hesabu. Watu waliitikia kwa vichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kujiuliza kama chungwa lilitudanganya.

Katika ukoo wetu msiba hauendi bila watani. Mtani anaweza kumtukana marehemu, kujilaza kaburini akidai alipwe, kusema lolote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mtani wetu ni Maneno, dereva wa lori la mchanga. Siku ya pili alivaa miwani ya kuchomelea ya Gervas, akapanda juu ya kinu kilicholazwa, akakitikisa kama yuko kwenye reli.

"Gervas, mjinga wewe," akaita. "Unapanda gari bila kuuliza kilima kimekwenda wapi? Kilima kimealikwa harusini. Nimekibeba mwenyewe, safari hadi safari, hata kukuaga hakikukuaga."

Watu walicheka, hata wanawake waliokuwa wanalia. Thobias alikuwa amebeba sinia. Aliliweka chini, akatoka nyuma ya jiko. Nikamfuata.

"Thobias, kilima kimekwenda wapi?"

"Shikamoo mama."

"Sikuja kusalimiwa."

Aliinama akawa anachimbua udongo kwa kidole cha mguu. Akasema bosi aliahidi kumpigia fundi yeye mwenyewe.

"Alipiga?"

"Nilidhani fundi atapitia chini, mama. Angeona."

"Lini umemwona Gervas akipitia chini?"

"Sijawahi," akasema.

Nilimshika mkono, nikamwambia aingie ayaseme hayo mbele ya watu, sasa hivi, Oscar akiwa bado ameketi. Akaniambia ana watoto, na kazi ile ndiyo wanayoila. Akautoa mkono wake kwangu polepole, kwa adabu, kama mtu anayechukua kikombe kwa mgonjwa. Nilipoingia peke yangu kusema, wazee wa ukoo walinituliza, wakadhani ni uchungu. Tayari mchele wa Oscar ulikuwa unachemka.

Baada ya arobaini nilimfuata Oscar bustanini. Hakukataa kwamba kilima kimeondolewa. Alisema tu kwamba kilikuwa mali yake, na kwamba fundi makini hukagua kabla ya kupanda. Nikamjibu kwamba kule kupanda ndiko kukagua kwake. Akanitazama kwa upole ule wa watu wenye haraka.

"Mama, sisi tulishamalizana. Mchele wangu mliupokea, mkala."

Amekaa Morogoro miaka mingi, anajua. Matangani hatuulizi gunia ni la nani. Kinacholetwa kinapikwa, na anayekataa ndiye mbaya. Alitulisha kinywa kikafungwa, na tuliomba baraka kabla ya kula.

Nilikwenda pia kwa wanaohusika na mambo hayo. Waliniambia nilete shahidi. Nikaenda kwa Maneno, nikamkuta anaosha lori lake mtoni. Alinisikiliza vizuri, tena machozi yalimlenga. Lakini alisema maneno ya utani yanabaki matangani. Mtani akiyabeba nje kwenda kumfunga mtu, hatasikilizwa tena kwenye msiba wowote, na wanawe wataitwa wambea. Nilimwambia asiyabebe maneno ya utani, abebe tu udongo, aseme aliuchukua wapi. Akasema kwa watu ni kitu kilekile. Nikamwacha na ndoo yake. Kwa hiyo mila iliyonipa ukweli ndiyo iliyoninyang'anya.

Mtu akisemwa kwamba hajui kazi, husemwa mpaka kwenye kazi zake za zamani. Mwanamke mmoja wa Msamvu aling'oa geti alilotengenezewa na Gervas, ingawa lilikuwa halijawahi hata kushika kutu. Upendo, binti yetu, alikuwa anavaa koti la baba yake la kazini akienda shamba. Shuleni wakamuuliza kama na yeye atajenga kitu cha kujiua, akalikunja akalitia chini ya godoro. Lakini kilichonivunja ni kengele. Kwenye kigango chetu kengele ilining'inia katika fremu ya chuma aliyoichomelea Gervas bila kuomba chochote, na tangu iwekwe haijatikisika kwa upepo wala kwa watoto. Kamati iliishusha, kwa usalama, wakaitundika kengele kwenye tawi la mti. Fremu imelala nyuma ya kanisa, nyasi zimeota katikati. Ninaipita kila Jumapili nikienda kwenye ibada. Tawi huyumba, na kengele hulia hata isipopigwa.

Reli imefunguliwa tena. Kilima kimerudishwa, palepale. Naona juu yake mpaka alama nyeupe, wamezipaka upya mahali alipozipaka yeye, kwa kuwa harusi ziliisha na hakuna aliyepata njia bora kuliko yake. Na kila Jumapili mchana kipaza sauti kinapanda mlimani mpaka uani kwangu. Kinawakaribisha wageni, kinawaambia wasiogope, makosa ya fundi wa kwanza yamesharekebishwa. Sauti ni ya Thobias. Ameongezwa cheo.

Sitaki mchele wala pole. Kigango kinadaiwa kuirudisha fremu mahali pake. Maneno anadaiwa kusema akiwa na akili timamu, miwani ya Gervas ikiwa mezani, ni udongo wa wapi alioubeba. Thobias anadaiwa lile neno alilolisema nyuma ya jiko, alirudie kwenye kipaza sauti kilekile, siku ya Jumapili, bustani ikiwa imejaa. Na Oscar anadaiwa kusimama karibu naye, chini ya kilima kile, aseme kwa kinywa chake kwamba alikibomoa, kwamba simu alikuwa nayo, na kwamba hakupiga.