Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Nilimtambua mama mkwe wangu kwa viatu. Mwezi uliotangulia, baba zangu wadogo na mimi tulikuwa tumepeleka mbuzi nyumbani kwake Mbumbuni, wale mbuzi wa kwanza ambao kwetu Ukambani wakipokelewa msichana huhesabiwa amechumbiwa. Muda wote tuliokaa pale, mama wa msichana hakutoka chumba cha ndani. Pazia la mlango lilikaribia sakafu lakini halikufika. Kwa hiyo nilichokijua cha mama huyo kilikuwa viatu vya raba vya kijani, vimesimama palepale, vikitusikiliza. Na sasa, palepale Mbumbuni, viatu hivyo vilikuwa vinapanda gari la safari niliyopewa kuiongoza.

Ilikuwa miaka ya themanini, baada ya ile njaa kubwa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia, nikingoja barua ya kunipangia shule ya kufundisha. Akina mama wa kikundi cha kanisa pale Kikima, waliokuwa wakilima matuta ya wenzao kwa zamu na kuuza mboga, waliamua kwamba nao watatembea waone nchi kama Wazungu. Walikodi gari la watalii kutoka Nairobi, lile lenye milia kama ya pundamilia na paa linalofunguka, pamoja na dereva wake. Ratiba ilikuwa jiji la Nairobi, Mlima Kilimanjaro kwa mbali, wanyama wa Tsavo, kisha bahari ya Mombasa. Walitaka mtu wa kuwaeleza wanachokiona, na mama yangu akawaambia mwanawe amesomea dunia nzima.

Sikuwa nimewahi kumwona ndovu. Bahari nilikuwa nimeiona kwenye ramani, rangi ya samawati. Nilikariri vitabu na kusali.

Mama huyo wa Mbumbuni hakuwa katika orodha ya wasafiri. Alichukua nafasi ya mwenzake aliyeugua, na hakuna aliyefikiria kuniambia. Alipoinua kichwa akaniona kando ya dereva, alivuta leso akafunika uso, akapita hadi kiti cha mwisho kabisa.

“Ala!” akasema mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. “Kumbe huyu si ndiye kijana aliyeleta mbuzi kwako?”

“Ndiye,” ilisema leso.

Kwetu kuna jambo linaitwa nthoni. Ni haya, lakini ni heshima pia, na ni sheria. Mwanamume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja, hakuna anayekula mbele ya mwenzake, hawasemezani ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mwingine apite. Watu wa kanisa walikuwa wameanza kuilegeza, ila kila nyumba ililegeza kwa kipimo chake. Nilianza kuwaza kabla hatujafika Tawa. Je, mimi ni mkwe tayari, au ni mkwe mtarajiwa? Mbuzi wamepokewa, lakini mahari haijazungumzwa. Gari ni chumba? Gari lililofunguliwa madirisha je? Watu wote ambao ningewauliza walikuwa humo ndani, wakiniangalia kisogo.

Lililonitia hofu zaidi ni neno alilolisema baba wa msichana siku ile tulipopeleka mbuzi. Aliwaambia baba zangu waziwazi: “Sisi tumepokea. Lakini mama yake hajasema kitu. Akikataa, mtakuja kuwachukua wanyama wenu.” Msichana mwenyewe alikuwa kusini kabisa, Mutomo, kazini hospitalini. Nilikuwa nimempenda tangu tukiwa kidato cha nne. Sasa mtu aliyeshika jibu alikuwa nyuma yangu, na angeniangalia kutoka Mbumbuni hadi baharini.

“Dereva,” nilinong'ona, “unaweza kugeuza hicho kioo? Kinanionyesha kiti cha nyuma.”

“Nikigeuza nitaonaje lori likija?” akasema. Hakuwa Mkamba na hakuelewa kitu. “Wewe msomi, funga macho.”

Basi nikawa nafunga macho kila nikigeukia upande wake, na nikawa naeleza nchi nikiwa nimefumba.

Maneno yalianza kupita kwa mwenyekiti, aliyekaa katikati. Mama mkwe alisema chini kwa chini, mwenyekiti akapaza: “Anasema ufunge dirisha, vumbi linaingia.” Mimi nikasema, “Mwambie nimefunga.” Mwenyekiti akageuka: “Anasema amefunga.” Sote tulikuwa tumesikia tangu mara ya kwanza. Wale wengine walicheka wakiziba midomo kwa mikono.

Nairobi niliwaonyesha Bunge. Mmoja akauliza mheshimiwa wetu hukaa kiti gani ndani humo. Sikujua. Nikasema upande wa kushoto, kisha kwa robo saa nzima nikahangaika kwamba nimesema uongo mbele ya mama mkwe. Wakati wa chakula niliwapeleka hotelini, nikawaagizia, halafu nikaenda kula jikoni nimesimama, kati ya masufuria, mpishi akiniuliza kama nimegombana na wake zangu.

Siku iliyofuata tulisimama Emali kutazama Kilimanjaro. Kulikuwa na wingu jeupe kuanzia chini mpaka juu.

“Mlima uko nyuma ya hilo wingu,” nikasema, nikinyoosha mkono. “Kileleni kuna theluji mwaka mzima.”

“Tumetoka kwetu Mbooni kuja kuangalia wingu?” akauliza mmoja. “Si hata letu tungeliangalia tukiwa shambani?”

“Letu huwa linaleta mvua angalau,” akasema mwingine.

Kutoka nyuma ikaja sauti ndogo, mwenyekiti akaipokea. “Anauliza, wewe umewahi kuuona huo mlima?”

“Mwambie nimeusoma.”

“Amesema ameusoma.”

Hakuna aliyecheka safari hii, na ilikuwa vibaya zaidi.

Kwa hiyo tulipoingia Tsavo nilikuwa nimejiapiza jambo moja: simba wataonekana. Ratiba iliyochapwa ilisema simba. Jiji nilikuwa nimelieleza vibaya na mlima ulikuwa umenikimbia, lakini simba wangeniokoa. Tuliona pundamilia na swara. Tuliona ndovu wekundu kwa vumbi, na akina mama, badala ya kufurahi, waliwatazama kama watu wanavyomtazama jirani mwizi kanisani. “Hao ndio waliomaliza mtama wa dada yangu kule Mutomo,” alisema mmoja. “Na hapa wamechimbiwa maji. Sisi je, tukijifanya ndovu?”

“Twende kwenye dimbwi linalofuata,” nilimwambia dereva.

“Jua ni kali. Simba saa hizi wamelala.”

“Moja tu.”

Baada ya hilo moja nikaomba lingine. Mwenyekiti akaita, “Mwalimu, vyoo viko wapi huku?”

“Vipo langoni, mama. Tumeviacha mbali. Tukimaliza hapa tutarudi.” Nilidhani ni yeye anayehitaji, na alikuwa mtu wa kusema bila kuficha, kwa hiyo nikaona kama angebanwa kweli angesema tena. Hakusema. Nikaendelea kueleza jinsi simba jike anavyowinda. Ndani ya kile kioo, ambacho kwa kusahau nilikuwa nimekitazama, niliona leso ikiyumba mbele na nyuma, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto.

“Mwalimu,” mwenyekiti akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kikao, “unamtesa mtu. Hawezi kulisema mbele yako. Simamisha gari.”

Alikuwa amejizuia tangu dimbwi la kwanza, kwa sababu yangu, na mimi nikawa namtafutia simba.

Dereva alisimama mahali palipo wazi, karibu na kichaka kimoja cha miiba. Alichungulia pande zote. “Kwa kawaida hatushuki. Lakini kama ni shida, ni haraka, na mtu asiende peke yake. Mimi sitoki kwenye usukani. Msomi, wewe ndiye kiongozi. Shuka naye.”

“Mimi?”

“Kuna kiongozi mwingine?”

“Mwenyekiti anaweza...”

“Mwenyekiti anaumwa goti,” akasema mwenyekiti. “Nikishuka hapa mtanizika hapa.”

Wale wengine wakawa wamegundua jambo la kuangalia madirishani.

Nilishuka kwanza. Nilikizunguka kichaka nikapiga miguu chini kama nilivyosoma, nyoka wakimbie. Kisha nikarudi nusu ya njia nikasimama, na viatu vya kijani vikanipita upande wa pili, mbali kadiri ilivyowezekana. Hapo ndipo nilipopata taabu. Mlinzi huangalia kule hatari inakoweza kutokea, yaani kichakani. Mkwe hawezi kuangalia kule. Nikitazama gari, simlindi. Nikitazama kichaka, nimekwisha. Mwishowe nikasimama ubavu, nikitazama upande ambao hapakuwa na chochote, shingo imekakamaa.

Na kitu kikatokea upande huohuo. Mti mmoja uliinama, ukainuka, na nyuma yake kulikuwa na ndovu, yuko peke yake, masikio yamefunguka. Hakuwa mbali. Alikuwa anatembea bila haraka, na njia yake ilipita palepale kichakani.

Sauti ilikuwepo kifuani, tayari. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kumwambia. Kumwita jina sikuweza. Kusema “mama, toka,” uso kwa uso, naye yuko katika hali ile, sikuweza. Nikageukia gari, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

“Mwenyekiti! Mwambie kuna ndovu!”

Mwenyekiti alinikodolea macho. Halafu akatoa kichwa kwenye paa na kuita kwa Kikamba, sauti ile ya ng'ambo ya mto, na kichaka kikatikisika. Mama mkwe alitoka mbio, leso mkononi, kichwa wazi, mzee kuliko nilivyodhani. Alinipita karibu kiasi kwamba bega lake liligonga langu. Nilikuwa bado nimesimama. Dereva ndiye aliyesogeza gari hadi niliposimama, akanivuta ndani kwa kola.

Ndovu aligeuza kichwa, akachukua tawi, akaenda zake.

Kicheko kilichozuka humo garini sijawahi kukisikia tena. “Mwambie kuna ndovu!” walirudia, wakipangusa machozi. “Kijana angemwona simba angeandika barua!” Dereva, ambaye sasa alikuwa ameelewa, aligonga usukani. “Msomi, ndovu angengoja mkalimani?”

Nilicheka nao kidogo, kwa adabu. Kiti cha nyuma hakikucheka. Kutoka pale hadi Mombasa hakikutoa ujumbe wowote, na mwenyekiti alilala kwa kukosa kazi. Nilihesabu hoja zangu. Nilikuwa nimetunza heshima, mbele ya mashahidi, katika hatari. Mtu angeweza kusema hivyo. Lakini nilikumbuka kichwa kile bila leso, mvi zake, pumzi zake aliponipita, na kila hoja ikageuka ikawa aibu. Nilitamani safari iishe nirudishiwe mbuzi.

Asubuhi tulikwenda ufukweni. Akina mama walikunja nguo magotini, wakaingia majini wakipiga vigelegele kila wimbi likija. Mmoja alionja maji akatema. Mama mkwe alikaa peke yake mchangani, ametazama mbele. Mimi nilikaa mbali, nimempa mgongo, nikiwa na maelezo yangu kuhusu kupwa na kujaa ambayo hakuna aliyeyataka.

Mwenyekiti akaja akiburuta lile goti.

“Amenituma. Anasema heshima yako ameiona. Lakini anauliza hivi: msichana wake akiwa kwako, usiku mtoto awe mgonjwa, au nyumba ishike moto, utamwita nani kwanza umwambie amwambie?”

Nilijua jibu kuhusu mbuzi lilitegemea swali hilo, nalo lilitaka kujibiwa sawasawa, kwa hiyo nililigeuza huku na huku kutafuta sehemu yake iliyo salama.

“Mwambie,” nilisema hatimaye, “nitalifikiria.”

“Nimwambie hivyo?”

“Mwambie hivyo.”

“Hapana. Hilo silipeleki. Nimebeba maneno yenu tangu Mbumbuni kama kiondo cha mawe. Lipeleke mwenyewe.” Akaenda zake majini.

Nilikaa mpaka ikawa aibu kukaa. Kisha nikainuka, nikatembea kinyumenyume kuelekea kwake, nikihisi njia kwa visigino, watoto wa Mombasa wakisimama kunitazama. Nilipokadiria kwamba anaweza kunisikia, nilisimama. Uso wangu ulielekea baharini.

“Mama,” nilisema. “Nisamehe kwa jana. Ilinibidi nikuite wewe. Sikuweza.”

Nilidhani ameondoka.

“Niliogopa sana,” akasema. Alisema nami, si na mwenyekiti. “Na wewe?”

“Hata sasa naogopa.”

“Msichana anakuja likizo Desemba,” akasema. “Msemeze hivyo hivyo, mwenyewe. Na usogee kidogo. Unanizibia bahari.”

Nilisogea upesi mno, nikaingia majini na viatu vyote, na akina mama wakaanza kucheka upya. Nilibaki pale maji yakinifika vifundoni, nikiwa sijui kama ninaruhusiwa kugeuka.