Mpelelezi wa Kifo cha Mama

Usiku ule nililala na hasira zangu, kama nilivyolala kila siku tangu tumzike Mama. Rajabu, mdogo wangu, alikuwa amepiga simu tena, na sikupokea. Yeye ndiye aliyekuwa na Mama alipozidiwa, na ndiye aliyesema wasubiri kukuche ndipo waende hospitali. Kukakucha, Mama hayupo. Hilo sikumsamehe.

Basi namwota Mama. Yuko sebuleni kwake, kanga begani, anatazama tamthilia ya upelelezi tuliyoipenda wote. Riwaya ambamo tamthilia hiyo ilitolewa alikwisha kuzisoma mpaka majalada yakabanduka, kwa hiyo kutazama naye ilikuwa raha na vurugu.

"Wameharibu!" anang'aka. "Kwenye kitabu huyu mpishi ni mnene!"

Nacheka. Jamani, nilivyommisi yule mama!

Mara nami nimo ndani ya televisheni. Ni pale mwishoni, mpelelezi anapowakusanya watu wote ukumbini ili amtaje muuaji. Mpelelezi ni mimi. Nimevaa koti refu, natembea huku na huku, mikono nyuma. Viti vyote vitupu, isipokuwa kimoja alichokalia Rajabu, amevaa shati lake la siku ya mazishi.

"Kwa nini hukuita gari?" namuuliza. "Kwa nini hukunipigia mimi? Ulikuwa unangoja nini?"

Anatazama miguu yake tu. Nami nazidi kumbana, wala simwonei huruma.

Nikainua kidole nimtaje. Mama akanishika mkono. Sikumwona akija. Kiganja chake kilikuwa cha moto, kinanukia vitunguu, na hapo moyo ukanipasuka.

"Mwanangu, hapa hakuna muuaji," akasema. "Huyu naye kafiwa na mama."

"Mama, usiondoke," nikamwambia. "Nakuomba."

Nikaamka, mto umelowa chapachapa. Nikampigia Rajabu palepale.

"Dada?" Sauti yake ilikuwa ya woga, ya mtu anayengoja kusomewa mashtaka.

Msibani watu walikuja wakatupa pole, mimi na yeye, mmoja mmoja mpaka wakaisha. Mimi mwenyewe sikuwahi kumpa yake.

"Pole na msiba, mdogo wangu," nikasema.

Akaangua kilio, mwanamume mzima, na mimi nikalia naye.