Simu Iliyolia Tulipokuwa Tukipamba Meza

Karatasi ya nta ikipitiwa na pasi ya moto hutoa harufu ambayo sijui niilinganishe na nini. Si ya mshumaa hasa. Ina utamu mzito, na ukiweka jani katikati yake, unasikia pia kitu kama chai iliyosahaulika ndani ya birika. Mwezi uliopita, katika chekechea ninakofanya kazi, mwalimu mwenzangu alikuwa akiwatengenezea watoto mapambo ya aina hiyo. Nilitoka nje, nikasimama kwenye maegesho ya magari. Alinifuata akaniuliza kama nina mzio. Nikamwambia ndiyo, nina mzio. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumepanga nyumba ya matofali Smithfield, pembezoni mwa Sydney, yenye sebule ndogo na meza kubwa kupita kiasi, ambayo baba aliiokota kando ya barabara wakati watu walipotoa nje vitu wasivyovitaka. Mguu mmoja wa meza ile ulikuwa mfupi, tukauwekea kitabu kinene cha namba za simu. Mama aliipenda kama mtu anavyopenda mtoto mkaidi. Mwaka ule akatangaza kwamba Pasaka tutakula mezani, sote, pamoja na marafiki, si kila mtu na sahani yake kochini kama abiria wanaongoja basi.

Mama alifungasha bidhaa katika ghala moja la Wetherill Park. Aliyesimama karibu naye kazini alikuwa Mama Solange, rafiki yake mkubwa. Wote walitoka Kivu Kusini, lakini walijuana huku huku, kwenye darasa la Kiingereza, walipogundua kwamba kila mmoja alikuwa ananakili majibu ya mwenzake na wote wawili wamekosea. Mama Solange alikuwa mjane mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Solange. Tulilingana umri, tulisoma darasa moja, na mtu akimwita mmoja wetu tulikuwa tunaitika wote.

Kwa kuwa mama zetu walirudi kazini wakiwa hoi, walichagua mapishi yasiyosumbua: kuku wa kuingiza kwenye oveni na kumwacha humo, maboga na viazi vitamu chini yake vipate kunywa mafuta, maharage yaliyopikwa siku moja kabla, makemba, yaani ndizi za kukaanga dakika ya mwisho, na sombe, majani ya muhogo, iliyogandishwa kutoka kwenye duka la Wavietinamu kule Cabramatta. Mapambo waliniachia mimi na Solange.

Huku kusini Pasaka huja wakati majani yanapukutika, jambo ambalo mama hakuwahi kulikubali moyoni. Mtaani kwetu kulikuwa na miti yenye majani ya ncha tano kama kiganja, na Pasaka ile ilichelewa, kwa hiyo yalikuwa yameshageuka mekundu, mengine ya zambarau, mengine manjano yenye mishipa ya kijani. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha: weka jani kati ya karatasi mbili za nta, funika na kitambaa, pitisha pasi. Tulikusudia kila mtu akute jani lake mbele ya sahani, limeandikwa jina kwa kalamu nyeupe. Pamoja na sisi wenyewe, watu walikuwa kumi na wanne. Kwa wiki tatu mimi na Solange hatukuwa na mazungumzo mengine. Hatukuwa tumewahi kualika watu. Sisi ndio tulikuwa watu wa kualikwa, wa kushukuru, wa kupewa chakula kilichobaki ndani ya mikebe.

Jumamosi ile baba alikuwa kazini. Mama alikwenda Cabramatta kufuata sombe. Solange alikuwa nje, mwisho wa mtaa, akiokota majani zaidi, maana mengi tuliyaunguza. Ndani tulibaki mimi na Mama Solange tu. Mimi nilikuwa kwenye ubao wa kupigia pasi, yeye amekaa kwenye kigoda akimenya boga. Alikuwa amevaa ndala za baba yangu. Viatu vyake havikumwingia tena. Miguu ilikuwa imevimba hadi vifundoni. Kwa wiki kadhaa alikuwa akichoka ovyo, na Alhamisi alikuwa amekwenda kupimwa damu.

"Banakamata damu mingi, kama banaenda kuiuza," aliniambia, tukacheka.

Ndipo simu yake ikalia. Alisikiliza, akasema "yes" mara tatu, kisha akaninyooshea.

"Sifa, kamata. Huyu mama anaongea mbio."

Nilikuwa nimezoea. Watoto wote wa kwetu tulikuwa wakalimani. Tulikwenda na wazazi benki, kwa mwenye nyumba, kwa daktari wa meno, tukatafsiri maneno ambayo hata kwa Kiswahili hatukujua maana yake. Kwenye simu alikuwa daktari mwenyewe. Aliniuliza kwanza kama kuna mtu mzima anayejua Kiingereza. Nikasema hayupo. Akaniuliza kama amtafute mkalimani aunganishwe kwenye simu. Nikamwambia hapana haja, mimi ninafanya kazi hii kila siku. Nakumbuka nilivyojisikia mkubwa.

Akasema taratibu, neno kwa neno, kwamba majibu ya damu si mazuri. Figo hazifanyi kazi. Kuna kitu kimezidi kwenye damu na kinaweza kuudhuru moyo. Aende hospitali, idara ya dharura, leo hii, sasa, asingoje sikukuu ipite.

"Umenielewa, mpenzi?" aliuliza.

"Nimeelewa," nikasema.

Nilielewa. Nataka hilo mlijue. Mara nyingi nimejaribu kujidanganya kwamba Kiingereza chake kilinishinda, lakini hakikunishinda.

"Banasema nini?" Mama Solange aliuliza, kisu kikiwa bado ndani ya boga.

Mbele yangu kulikuwa na majani tisa yaliyokwisha pigwa pasi. Nikakumbuka Krismasi iliyopita, alipoumwa tumbo akapelekwa idara hiyo hiyo. Solange alikwenda kumtafsiria, wakakaa kwenye viti vya plastiki kutwa nzima, wakarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Krismasi yetu ikafia pale. Mimi nililia siku hiyo, Solange hakulia. Sasa nikapiga hesabu ya kitoto: akienda yeye, Solange ataondoka naye. Solange akiondoka, meza itaharibika. Na mwishoni watampa vidonge tu, kama siku ile.

"Wanasema uende baada ya Pasaka," nikamwambia. "Jumanne."

Alijibu kwa maneno machache, akaendelea kumenya. Solange akaingia na majani mapya tele kwenye sketi, na mimi nikashika pasi.

Jumapili, baada ya ibada, watu kumi na wanne walikaa kuzunguka meza yetu. Sijawahi kuona meza nzuri kama ile, na sisemi hivyo kwa sababu ya yaliyofuata. Tulitandika kitenge cha mama cha samawati. Maboga madogo tuliyapanga katikati, na vijiti vya mdalasini tulivifunga kwa uzi. Kila mtu alitafuta jina lake. Mzee mmoja wa kanisani, ambaye alikuwa na wiki tano tu tangu atoke kambi ya wakimbizi, aliliweka jani lake kwenye mfuko wa shati na hakulitoa tena.

Miongoni mwa wageni alikuwako Auntie Wanjiru, Mkenya, nesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alipokuwa akimpokeza Mama Solange bakuli la maharage aliitazama miguu yake, akaweka bakuli chini.

"Mama Solange, hiyo miguu hujaonyesha daktari?"

"Nilionyesha. Balipima damu. Bamesema nirudi Jumanne."

"Jumanne? Una uhakika?"

"Muulize Sifa. Yeye ndiye alisikia."

Auntie Wanjiru akanigeukia. Na wengine wakanigeukia, kwa vile tu mazungumzo yalikuwa yamekatika. Nilikuwa na paja la kuku mkononi. Ningeweza kusema pale pale. Hospitali ilikuwa dakika ishirini kwa gari, na magari matano yalikuwa yameegeshwa nje. Solange alikuwa karibu yangu, bega lake limegusa langu, anatabasamu kwa sababu mtu alikuwa amesifia majani.

"Ndiyo," nikasema. "Jumanne."

"Haya basi, kama ndivyo wamesema," akasema Auntie Wanjiru, lakini hakula tena sana. Mama Solange alirudia sombe mara mbili, akala na makemba. Siku hizi ninajua kwamba hata vyakula hivyo viliongeza kile kilichokuwa kimezidi kwenye damu yake.

Jumatatu asubuhi Solange alimkuta sakafuni, katikati ya kitanda na mlango. Akapiga simu ya dharura yeye mwenyewe, akawatajia anwani, akaufungua mlango, akamshika mama yake mkono kama walivyomwelekeza kwenye simu. Moyo ulikuwa umekwisha simama. Wahudumu wa ambulensi walijaribu kuurudisha hapo hapo kwenye zulia kwa muda mrefu.

Nyumba yetu ikageuka nyumba ya msiba. Kitenge cha samawati kilikuwa bado kipo mezani, wanawake wakawa wanaweka thermosi za chai juu yake. Siku ya tatu mama aliniita jikoni, akafunga mlango. Watu wa kanisa walikuwa wameulizia kwa daktari, wakaambiwa kwamba Jumamosi alipiga simu, na kwamba msichana mmoja ndiye aliyepokea ujumbe.

"Sifa, ni wewe ulipokea?"

"Ni mimi."

"Alisema nini?"

Macho ya mama yalikuwa mekundu, na alikuwa ameshika ukingo wa sinki. Sikuwahi kumwogopa mama yangu, lakini siku ile niliogopa. Nikasema, "Alisema aende leo. Nilimwambia. Yeye akasema hapana, atakwenda baada ya Pasaka. Akanikataza kuwaambia."

Mama akafumba macho. "Ee Mama Solange," alisema. "Kichwa ngumu mpaka mwisho." Akanikumbatia. Akanipa pole kwa kubebeshwa siri kubwa namna ile.

Habari hiyo ilitoka jikoni ikafika sebuleni, na kutoka sebuleni ikafika kila mahali. Mama Solange aliambiwa aende hospitali akakataa, hakutaka kukosa karamu. Watu walilisema kwa huruma, kisha wakalisema kama onyo. Miaka mingi nimesikia wanawake wakiambiana: nenda kapime, usifanye kama Mama Solange. Solange alichukuliwa na shangazi yake Brisbane. Siku anaondoka nilimpa majani yaliyobaki. Aliyaacha kitini.

Tuliandikiana kidogo, kisha hatukuandikiana. Nilisikia amerudi Sydney, amezaa mtoto wa kike, anaishi mbali kidogo na kwetu. Sikumtafuta. Niliwahi kumuuliza daktari mmoja, nikijifanya ni habari ya mtu mwingine. Akasema mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupona akiwahi, na anaweza asipone, hakuna ajuaye. Nilibaki na jibu hilo kwa miaka, nikiligeuza geuza kutafuta upande usiochoma.

Jumamosi iliyofuata baada ya siku ile ya chekechea, niliulizia anwani kanisani, nikaenda kwa Solange. Alinipikia chai ya maziwa. Ameanza kufanana na mama yake sana, hasa mikono. Nikamweleza yote kwa Kiswahili, nikiwa nimetazama kikombe. Mtoto wake alikuwa akitambaa katikati ya miguu yetu.

Alikisogeza kikombe chake pembeni.

"Ujue mimi nimekuwa namchukia mama," alisema. "Miaka kumi na sita. Kila nikibeba huyu mtoto najiuliza, mimi nilikuwa sitoshi? Karamu ilikuwa kubwa kuliko mimi?" Kisha akauliza, "Ulipomwambia Jumanne, yeye alisema nini? Sema vile vile alivyosema."

Nilikuwa ninayakumbuka. Sikuwahi kumtajia mtu.

"Alisema, 'Bon, Jumanne nitaenda asubuhi sana, Solange asikose masomo.'"

Akanirudisha niseme tena, nikasema tena. Akambeba mtoto, akaenda kusimama dirishani, amenipa mgongo.

"Mimi siwezi kukusamehe leo," alisema. "Lakini utawaambia. Wote. Kama ulivyowaambia ule uongo."

Nilianza na mama yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaingia chumbani, na kwa siku nne hakusema na mimi. Auntie Wanjiru alilia kwenye simu. Kumbe naye alikuwa akijilaumu muda wote huo. Kanisani nilisimama mbele ya watu, na wengine hawakupenda niliyoyafukua. Solange hakuja. Hajanipigia.

Nikiwa mtoto nilidhani kosa langu ni ule uongo wa Jumamosi. Ule ulimwondoa Mama Solange duniani, au huenda haukumwondoa, sitajua kamwe, na aliyeusema alikuwa mtoto anayetaka meza yake isiharibike. Lakini ule wa jikoni niliusema nikijua. Ule ulimwondoa mara ya pili, ndani ya moyo wa mtoto wake, na ukamwacha Solange akue peke yake na mama aliyemtupa kwa ajili ya kuku na viazi. Sasa nawaambia na ninyi, msiomjua, kwa kuwa Solange alisema wote. Mama Solange hakukataa kwenda hospitali. Hakuna aliyemwambia aende.