Sura Iliyotazama Kushoto

Kila asubuhi Nunzia aligandisha kipande cha gamba la kome kwenye kijiti kwa lami, akaketi dirishani kuchonga. Chini ya weupe wa kome kuna rangi ya kahawia. Ukiukwangua weupe kwa upole, mwanamke hutokea, kana kwamba alikuwa amelala humo akingoja kuamshwa. Mji wao wa Torre del Greco, huko Italia, wote huchonga vito hivyo, na mabibi wa vito hivyo hutazama kulia. Mitindo huja na kupita, ila mabibi hao hawazeeki, wala wateja hawawachoki.

Mwaka ule Nunzia alitaka kumchonga mama yake. Mama huyo hakuwahi kupigwa picha. Alifariki akimzaa Ersilia, mdogo wake Nunzia, na sura ile ilibaki kichwani mwa Nunzia peke yake, tena ikififia. Hilo lilimtisha kuliko kifo.

Alichonga, akatoka bibi mzuri kama wale wa kuuzwa dukani. Akarudia, akatoka bibi yuleyule. Mazoea yana taabu: mkono uliochonga pua moja tangu usichana haumsikilizi mtu.

"Lo! Mama mkwe kawa malkia," alicheka Aniello, mumewe. "Huyu hata kitunguu hajawahi kumenya."

"Basi niambie wewe alivyokuwa."

"Alinikimbiza nilipoiba malimau yake. Naukumbuka ufagio tu, mke wangu. Uso sikuusubiri."

"Mwizi mkubwa! Nipishe, unaniziba mwanga."

Ndipo akafanya jambo ambalo kwalo marehemu fundi aliyemfunza angemzaba kofi: akaigeuza sura itazame kushoto. Mkono ukapotea njia, ikabidi kila mkwaruzo uombwe. Alichonga siku nyingi kama mtu aotaye, harufu ya mchuzi wa nyanya ikipanda ngazi, vumbi jeupe likimwangukia mapajani kama unga. Mama akaja polepole: kwanza kidevu, kisha pua yenye nundu, mwisho mdomo ulionuna. Hakuwa mzuri hata kidogo, na Nunzia akalia kwa furaha.

Ersilia, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, alikipokea kito kiganjani.

"Mbona kanuna, dada?"

"Ndivyo alivyokuwa. Hata akicheka."

Ersilia akapitisha kidole juu ya ile pua, kisha juu ya yake mwenyewe. Tangu azaliwe hakuwahi kuwa na wa kumwita jina lile.

"Mama," alisema, taratibu, kama anayejifunza kusema.